Mipaka ya Dalili na Vifo katika Utambuzi wa Maambukizi ya Virusi kwa Wanyama Wanaofugwa kwa Ajili ya Manyoya

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna maambukizi ya virusi yanavyotambuliwa na kuchunguzwa kwa wanyama wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, hususani minki, mbweha wa aktiki na mbwa-rakuni. Hoja yake kuu ni kwamba dalili na vifo, ambavyo ndivyo mfugaji huvitazama kwanza, ni viashiria vyenye mipaka: hufaa pale virusi vinapoua haraka, lakini huficha maambukizi pale mnyama anapovibeba bila kuugua. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha ugonjwa wa Aleutian wa minki, maambukizi ya virusi vya korona katika mashamba ya Uholanzi na Denmark mwaka 2020, na mafua makali ya ndege ya aina ya H5N1 yaliyozuka Hispania mwaka 2022 na Finland mwaka 2023. Makala inaonesha kuwa kila kipimo hujibu swali moja mahususi, na kwamba makosa mengi ya ufasiri hutokea pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la jingine. Inapendekezwa kuwa ufuatiliaji wa mashamba hayo uunganishe vipimo vya virusi, vya kingamwili na usomaji wa jenomu, na ujumuishe watu wanaofanya kazi humo.

1.0 Utangulizi

Biashara ya manyoya hutegemea wanyama wachache walao nyama ambao ngozi zao hufikia ubora wa juu mwanzoni mwa majira ya baridi. Anayeongoza kwa idadi ni minki wa Marekani, mnyama wa familia moja na kicheche na nyegere. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, lakini amefugwa kwa wingi Ulaya na Asia. Wengine ni mbweha wa aktiki, ambaye wafugaji humwita mbweha wa buluu kutokana na rangi ya manyoya yake, na mbwa-rakuni. Wawili hawa hufugwa zaidi Finland na China.

Mazingira ya ufugaji huo yana umuhimu wa moja kwa moja kwa mada hii. Minki huwekwa katika vizimba vya waya vilivyopangwa kwa safu ndefu, mara nyingi ndani ya mabanda yenye paa lakini yaliyo wazi pembeni. Chakula chao ni rojo la samaki na mabaki ya machinjioni, ambalo huwekwa juu ya waya wa kizimba ili mnyama alivute kwa ndani. Majike hupandishwa mwezi Machi na kuzaa kati ya mwishoni mwa Aprili na Mei. Kwa sababu hiyo shamba hujaa kuanzia majira ya joto hadi Novemba, msimu wa kuchuna ngozi unapoanza. Kwa virusi, hali hii ina maana kwamba kila mwaka hupatikana maelfu ya wanyama wachanga wasio na kinga, wakiwa wamekaa karibu karibu, na wakihudumiwa na mikono ileile kila siku.

Mfugaji hutambua maradhi kwa njia tatu za kawaida. Huona chakula kilichobaki juu ya waya, humwona mnyama aliyezubaa au anayepumua kwa shida, na huhesabu mizoga ya asubuhi. Daftari la vifo ndicho chombo cha kwanza cha ufuatiliaji katika shamba lolote la aina hii, na thamani yake haikanushwi. Swali linaloshughulikiwa hapa ni kiasi gani daftari hilo linaweza kuaminiwa. Swali hili si la nadharia tupu. Katika miaka ya karibuni majibu yaliyotolewa yameamua hatima ya mamilioni ya wanyama, riziki za wafugaji na usalama wa wafanyakazi ambao virusi vimewafikia kutoka kwenye vizimba.

Makala inatumia mkabala wa uchambuzi linganishi wa matukio yaliyoandikwa katika machapisho ya kitaaluma na katika taarifa za mamlaka za nchi husika. Matukio hayo yameteuliwa kwa sababu yanatofautiana katika jambo moja la msingi, yaani namna virusi vilivyojidhihirisha, au kutojidhihirisha, kabla ya kutambuliwa.

2.0 Maswali Matatu ya Utambuzi

Katika maelezo mengi neno "kupima" hutumika kana kwamba lina maana moja. Kwa hakika vipimo vya maabara hujibu maswali matatu yaliyo tofauti.

2.1 Je, virusi vipo sasa?

Swali hili hujibiwa kwa kutafuta chembe za virusi zenyewe. Njia inayotumika zaidi ni kipimo cha PCR, ambacho huzidisha kipande teule cha jenomu ya virusi hadi kiweze kuonekana na mashine. Sampuli huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba kutoka kooni, puani au kwenye njia ya haja kubwa, au kutoka katika viungo vya mzoga kama mapafu na wengu. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, hutambua kile tu kilichotafutwa, kwani PCR ya virusi vya korona haiwezi kuonesha virusi vya mafua. Pili, huonesha kuwapo kwa jenomu, si lazima virusi vilivyo hai na vyenye uwezo wa kuambukiza. Uhai huo huthibitishwa kwa kuotesha virusi katika seli ndani ya maabara yenye ulinzi stahiki.

2.2 Je, mnyama amewahi kuambukizwa?

Swali hili hujibiwa kwa kutafuta kingamwili katika damu. Kingamwili huchelewa kujitokeza, kwa hiyo mnyama aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana hana kitu. Zikishajitokeza, hudumu muda mrefu baada ya virusi vyenyewe kutoweka. Aidha, watoto hupokea kingamwili kutoka kwa mama, jambo linaloweza kumpotosha mchunguzi anayepima wanyama wachanga.

2.3 Je, virusi vimetoka wapi?

Swali hili hujibiwa kwa kusoma mfuatano wa jenomu na kuulinganisha na mifuatano ya virusi kutoka mashamba mengine, wanyama wa porini na binadamu. Virusi hukusanya mabadiliko madogo kadiri vinavyozaliana, na mabadiliko hayo humwezesha mtafiti kuunda nasaba yake. Hata hivyo, nasaba huonesha ukaribu wa virusi viwili. Haioneshi yenyewe mlango ambao virusi vilipitia.

2.4 Hesabu ya sampuli na ya makosa

Majibu ya maswali hayo yote hutegemea idadi ya wanyama waliopimwa. Tuseme asilimia 5 ya wanyama wa shamba kubwa wameambukizwa, na wanachaguliwa 20 bila upendeleo. Hata kama kipimo hakikosei kabisa, uwezekano wa kutompata hata mmoja aliyeambukizwa ni takriban asilimia 36. Wakipimwa 60, uwezekano huo hushuka hadi chini ya asilimia 5. Kwa hiyo tamko kwamba shamba ni safi halina maana bila kutaja idadi ya sampuli na kiwango cha maambukizi ambacho sampuli hizo zingeweza kukigundua.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni makosa ya kumhukumu asiyeambukizwa. Usikivu wa kipimo ni uwezo wake wa kumbaini aliyeambukizwa, na umahususi ni uwezo wake wa kumwacha asiyeambukizwa. Tuchukue shamba lenye wanyama 20,000, ambamo 100 wameambukizwa, na kipimo chenye usikivu wa asilimia 95 na umahususi wa asilimia 99. Kipimo kitawabaini kwa haki 95, lakini pia kitawataja kimakosa 199. Takriban theluthi mbili ya majibu chanya yatakuwa si ya kweli. Pale ambapo jibu chanya humaanisha kuuawa kwa mnyama, au kufungwa kwa shamba, kipimo cha pili cha uthibitisho huwa ni wajibu.

3.0 Ugonjwa wa Aleutian: Maambukizi Yasiyopiga Kelele

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 nchini Marekani, kwa minki wenye manyoya ya kijivu cha chuma waitwao Aleutian. Minki hao hubeba nakala mbili za jeni fiche ambayo, pamoja na kutoa rangi hiyo iliyopendwa sokoni, hudhoofisha seli nyeupe za damu. Ndiyo maana waliugua na kufa haraka kuliko wenzao, na ndiyo maana mwanzoni ugonjwa ulihusishwa na rangi. Baadaye ilibainika kuwa chanzo ni kirusi cha familia ya parvo, na kwamba minki wa rangi zote huambukizwa.

Tofauti ilikuwa katika kuonekana kwa ugonjwa. Kwa minki wengi wa rangi nyingine maambukizi huendelea kimyakimya kwa miezi mingi, na mara nyingi huonekana kwanza kama hasara ya kawaida ya mfugaji: majike yasiyoshika mimba, watoto wachache na manyoya duni. Watoto wasio na kinga ya mama wanaweza kupata nimonia kali. Kwa wakubwa, madhara hutokana na mwitikio wa mwili wenyewe. Mnyama hutengeneza kingamwili nyingi kupita kiasi, lakini hazifaulu kuvikomesha virusi. Badala yake huungana navyo na kufanya mafungamano yanayonasa katika figo na kuta za mishipa ya damu, na hatimaye figo hushindwa kufanya kazi.

Kabla kirusi hakijafahamika vyema, wafugaji walitumia kipimo cha iodini. Tone la iodini lilichanganywa na seramu ya damu, na mchanganyiko ukiganda mabonge, ilichukuliwa kuwa protini za kingamwili zimezidi. Kipimo hicho kilikuwa rahisi, ila kiliona matokeo ya ugonjwa badala ya chanzo chake. Kilichelewa kumtambua mnyama aliyeambukizwa karibuni, na kiliweza kumtaja mnyama mwenye ugonjwa mwingine uliopandisha kiwango cha protini hizo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1972, kilipoanzishwa kipimo cha elektroforesi ya mkabala. Katika tabaka jembamba la jeli hutobolewa vishimo viwili vinavyotazamana. Kimoja hutiwa antijeni ya kirusi, na kingine seramu ya mnyama. Mkondo wa umeme huvisukuma viwili hivyo kukutana, na pale kingamwili mahususi zinapokuwapo, mstari mweupe hujitokeza katikati. Damu inayohitajika ni matone machache, ambayo hupatikana kwa kukata ncha ya ukucha. Baada ya kirusi kuzoezwa kuishi katika seli za figo ya paka zinazooteshwa maabara, antijeni iliweza kutengenezwa bila kutegemea viungo vya minki walioambukizwa.

Denmark ilianza kukitumia kipimo hiki katika mpango wa kutokomeza ugonjwa mwaka 1976. Wanyama wa kuzalisha walipimwa, na waliokutwa na kingamwili waliondolewa shambani hata kama walionekana wazima kabisa. Katika ugonjwa huu, tofauti na mengi mengine, kuwapo kwa kingamwili mara nyingi humaanisha kwamba kirusi bado kimo mwilini. Hivyo jibu la swali la pili liliweza kutumiwa, kwa tahadhari, kama jibu la swali la kwanza. Sehemu kubwa ya nchi ilisafishwa kwa njia hiyo, ingawa kaskazini mwa Jutland maambukizi yalibaki kwa muda mrefu. Baadaye kipimo cha ELISA, kinachoweza kufanywa na mashine kwa sampuli nyingi, kilichukua nafasi ya elektroforesi, na usomaji wa sehemu ya jeni ya NS1 ukaanza kutumika kufuatilia uhusiano wa milipuko baina ya mashamba.

Funzo la mfano huu ni kwamba mafanikio hayakupatikana kwa kusubiri wagonjwa. Yalipatikana pale uamuzi ulipohamishwa kutoka kwenye jicho la mfugaji na kuwekwa kwenye kipimo kilichofanywa kwa kila mnyama wa kuzalisha, na kurudiwa.

4.0 Virusi vya Korona Mashambani: Uholanzi na Denmark

4.1 Uholanzi

Mwishoni mwa Aprili 2020 mashamba mawili ya minki katika jimbo la Noord-Brabant yalithibitishwa kuwa na virusi vya SARS-CoV-2. Hapa daftari la vifo lilifanya kazi yake, kwa kuwa wanyama walionesha shida ya kupumua na vifo viliongezeka, na uchunguzi wa mizoga ulikuta nimonia. Mnamo mwezi Mei mamlaka ziliweka utaratibu wa kila shamba kuwasilisha mizoga kila wiki ili ipimwe kwa PCR, na kuagiza upimaji wa kingamwili katika mashamba yote.

Utaratibu wa kuwasilisha mizoga una mantiki nzuri ya kitakwimu. Ikiwa virusi huua, waliokufa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa navyo kuliko waliobaki hai, na kwa hiyo sampuli chache hutoa taarifa nyingi. Mantiki hiyo hupungua nguvu kadiri virusi vinavyozidi kuwa vipole. Virusi visivyoua kabisa haviwezi kupatikana zaidi katika mizoga kuliko katika wanyama hai.

Mchango mkubwa wa tukio la Uholanzi ulikuwa katika swali la tatu. Uchunguzi wa mashamba 16 ya mwanzo uliunganisha jenomu za virusi vya minki na za watu waliokuwa na uhusiano na mashamba hayo. Kati ya watu 97 waliopimwa, 66, yaani asilimia 68, walikutwa na ushahidi wa maambukizi. Takwimu hiyo peke yake isingetosha kuthibitisha kwamba minki waliwaambukiza watu, kwa sababu wakati huo virusi vilikuwa vimeenea miongoni mwa wakazi. Ndipo jenomu zilizotoka kwa watu wa mashambani zilipolinganishwa na za wakazi wengine wa maeneo hayohayo. Virusi vya baadhi ya wafanyakazi vilikuwa na mabadiliko yaliyopatikana kwa minki wa mashamba yao, na kutofautiana na vya majirani zao. Kwa njia hiyo ilithibitika kwamba virusi vilivyotoka kwa binadamu kwenda kwa minki vilikuwa vimerudi kwa binadamu.

Jenomu hizo ziligawanyika katika makundi matano, na baadhi ya mashamba yalionekana kuwa na nasaba moja. Hata hivyo, njia iliyotumiwa na virusi kusafiri kutoka shamba hadi shamba haikuweza kubainishwa kikamilifu. Huu ni mfano halisi wa tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 2.3, kati ya kujua nasaba na kujua mlango. Uholanzi ilikuwa imekwishapitisha sheria ya kukomesha ufugaji wa minki ifikapo mwaka 2024. Mlipuko uliifanya isogeze mwisho huo hadi Januari 2021.

4.2 Denmark

Nchini Denmark maambukizi yaligunduliwa Juni 2020, kaskazini mwa Jutland. Uchunguzi wa mashamba ya mwanzo ulitoa matokeo yanayokwenda kinyume na matarajio ya mfugaji. Virusi vilikuwa vimeenea, ilhali ugonjwa wa wazi na ongezeko la vifo vilikuwa vidogo. Watafiti walionya kwamba mashamba ya minki yangeweza kuwa hifadhi ya virusi isiyotambuliwa. Katika hali hiyo daftari la vifo lingeweza kubaki na sura ya kawaida huku maelfu ya wanyama wakiambukizana.

Kufikia vuli mashamba yaliyoambukizwa yalikuwa yameongezeka sana. Usomaji wa jenomu ulibaini aina iliyopewa jina la Kundi la 5, yenye mabadiliko kadhaa kwenye protini ya miiba, ambayo ndiyo virusi hutumia kujishikiza kwenye seli. Aina hiyo ilipatikana pia kwa watu 12. Majaribio ya awali ya maabara yaliashiria kwamba huenda kingamwili za binadamu zilikuwa na nguvu kidogo dhidi yake. Tarehe 4 Novemba 2020 Waziri Mkuu Mette Frederiksen alitangaza kuwa minki wote nchini, takriban milioni 15 hadi 17, wataangamizwa.

Siku chache baadaye ilidhihirika kwamba serikali haikuwa na msingi wa kisheria wa kuagiza kuuawa kwa minki wazima waliokuwa nje ya maeneo ya maambukizi. Waziri aliyehusika na chakula na kilimo, Mogens Jensen, alijiuzulu Novemba 18. Siku iliyofuata mamlaka zilieleza kwamba Kundi la 5 huenda lilikuwa limetoweka, kwa kuwa halikuwa limeonekana tena tangu Septemba. Bunge lilipitisha sheria mwezi Desemba, na ufugaji wa minki ukapigwa marufuku kwa muda.

Makala hii haikusudii kuhukumu uamuzi wa kisiasa. Kinachohusu utambuzi ni kwamba usomaji wa jenomu ulitoa taarifa sahihi kuhusu mabadiliko yaliyokuwapo, ila maana ya mabadiliko hayo kwa kinga ya binadamu lilikuwa swali jingine, lililohitaji majaribio zaidi na muda ambao watoa uamuzi waliona hawana. Badiliko lililoonekana, badiliko lenye athari katika maabara, na badiliko linaloenea katika jamii ni madai matatu tofauti, na kila moja huhitaji ushahidi wake.

5.0 Mafua ya Ndege ya H5N1: Hispania na Finland

Mlipuko wa Hispania ulionesha upande wa nguvu wa daftari la vifo. Katika wiki ya kwanza ya Oktoba 2022, shamba moja huko Carral, mkoani Galicia, lilikuwa na minki 51,986. Vifo vya kawaida vilikuwa kati ya asilimia 0.2 na 0.3 kwa wiki. Wiki hiyo vilifika asilimia 0.77, kisha baadaye vikapanda hadi asilimia 4.3. Ongezeko la mwanzo linaweza kuonekana dogo kwenye karatasi, lakini katika shamba la ukubwa huo ni tofauti kati ya takriban mizoga 130 na mizoga 400 kwa wiki. Lilitambulika kwa sababu kiwango cha kawaida kilikuwa kimeandikwa. Daftari lisilo na kumbukumbu za miezi iliyopita lisingeweza kuonesha hitilafu hiyo.

Wanyama walikosa hamu ya kula, walitokwa na mate kwa wingi, walitetemeka na kuyumba, na wengine walikuwa na damu puani. Dalili hizo peke yake zisingetaja virusi husika. Sampuli za kwanza zilipimwa virusi vya korona, zikakutwa hazina, na zikapimwa mafua ya ndege, zikakutwa na H5N1. Iwapo maabara ingejibu tu swali lililotarajiwa na wengi wakati huo, jibu lingekuwa sahihi na lisilo na faida.

Uchunguzi wa mpangilio wa vifo ndani ya mabanda uliongeza aina nyingine ya ushahidi. Vifo vilianza katika mafungu ya vizimba viwili hadi vinne, ambamo wanyama wote walikufa ndani ya siku chache, kisha vikasogea kwenye mabanda ya jirani. Mwenendo huo uliashiria kuwa minki waliambukizana wao kwa wao, badala ya kila mmoja kuambukizwa na ndege au chakula. Jenomu ilionesha pia badiliko katika jeni ya PB2, liitwalo T271A, linalohusishwa na uwezo wa virusi kuzaliana katika seli za mamalia. Wafanyakazi 11 waliokuwa wamegusana na wanyama walipimwa na hawakukutwa na maambukizi. Minki wote wa shamba hilo waliangamizwa.

Nchini Finland, kuanzia Julai 2023, H5N1 iligunduliwa katika mashamba ya mbweha, mbwa-rakuni na minki katika eneo la Ostrobothnia. Kiangazi hicho shakwe wengi walikuwa wamekufa kwa virusi hivyo, na ndege hao walizoea kuingia katika mabanda yaliyo wazi kufuata chakula. Jenomu za virusi vya mashambani zilikuwa karibu sana na aina iliyokuwa imeenea kwa shakwe wa Ulaya mwaka huo. Hata hivyo, pale ndege wa nasaba moja wanapozunguka mashamba mengi ya jirani, jenomu zinazofanana zinaweza kutokana na ndege kuingia mara kadhaa au na virusi kusafiri kati ya mashamba. Kutenganisha njia hizo mbili kunahitaji taarifa za matembezi ya watu, magari na chakula, pamoja na tarehe kamili za dalili za kwanza.

6.0 Utafutaji Mpana na Mipaka Yake

Vipimo vilivyojadiliwa hadi sasa hutafuta kitu kinachojulikana. Mkabala mwingine ni kusoma jenomu zote zilizomo katika sampuli bila kuteua, kisha kuzitenganisha kwa kompyuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulitumia njia hiyo kwa wanyama 461 wa manyoya nchini China waliokufa kati ya mwaka 2021 na 2024. Ulipata spishi 125 za virusi, zikiwamo 36 mpya kwa sayansi, na 39 zilizokadiriwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuvuka kutoka spishi moja hadi nyingine. Miongoni mwake kilikuwamo kirusi cha korona chenye nasaba ya popo, kilichopatikana kwa minki.

Upana wa matokeo hayo usifiche mipaka miwili. Kwanza, wanyama wote walikuwa wamekufa kwa maradhi, kwa hiyo utafiti hauwezi kusema ni virusi vipi hubebwa na wanyama walio hai na wazima. Pili, kukuta kirusi katika mzoga si kuthibitisha kuwa ndicho kilichoua. Uthibitisho huo huhitaji kuonesha kirusi mahali penye jeraha la tishu, kukitenga, na kulinganisha wanyama wagonjwa na wasio wagonjwa wa shamba lilelile. Kwa virusi vya utumboni kuna tahadhari ya ziada, kwani mnyama anayelishwa mabaki ya kuku na samaki anaweza kukutwa na virusi vya chakula chake.

7.0 Mjadala

Ulinganisho wa matukio haya unaonesha kwamba vifo hupungua thamani kama kiashiria pale tu tishio linapokuwa la kudumu. H5N1 ya Carral iliua haraka na ikagunduliwa katika wiki ya kwanza ya ongezeko. Virusi vya korona vya Denmark vilienea katika mashamba yaliyoonekana mazima. Kirusi cha Aleutian kinaweza kukaa katika kundi la wanyama kwa miaka kikihesabiwa kama uzazi duni. Shamba linalosubiri mizoga hujilinda dhidi ya virusi vinavyojimaliza vyenyewe kwa kuua, na hubaki wazi kwa vile vinavyoishi na mwenyeji wake muda mrefu, kuzaliana na kubadilika.

Aidha, mfanyakazi wa shamba si mtazamaji wa nje wa mfumo huu. Yeye ndiye anaweza kuingiza virusi kizimbani, na yeye ndiye wa kwanza kuvipokea vinaporudi. Ushahidi wa Uholanzi ulipatikana kwa sababu damu na jenomu za watu na za wanyama ziliwekwa katika uchambuzi mmoja. Ufuatiliaji unaosimamia wanyama katika idara moja na watu katika idara nyingine, bila kubadilishana taarifa, usingeliona duara hilo.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kuwa utambuzi wa maambukizi ya virusi kwa wanyama wa manyoya ni mfululizo wa maswali yenye vipimo tofauti, na kwamba dalili na vifo hujibu sehemu ndogo tu ya maswali hayo. Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huo. Mosi, kila shamba liweke kumbukumbu za vifo vya kila wiki kwa muda mrefu, ili ongezeko dogo lipate kupimwa dhidi ya kiwango cha kawaida. Pili, upimaji wa mizoga uambatane na upimaji wa wanyama hai wasio na dalili, na taarifa ya matokeo itaje idadi ya sampuli pamoja na kiwango cha chini cha maambukizi ambacho ingeweza kukigundua. Tatu, jibu chanya la kipimo cha awali lithibitishwe kwa kipimo cha pili kabla ya hatua isiyoweza kurudishwa, isipokuwa pale ucheleweshaji wenyewe unapohatarisha maisha ya watu. Nne, wafanyakazi wapimwe kwa hiari na kwa siri pamoja na wanyama wanaowahudumia, na wahakikishiwe kwamba kutoa taarifa ya homa hakutawapotezea ujira.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu njia za usafiri wa virusi kati ya mashamba, eneo ambalo jenomu zimeonesha uhusiano bila kueleza namna ulivyotokea.